Plymouth, Montserrat: mji mkuu uliofungwa na gati lake

Katika bahari ya Karibi kuna mji mkuu ambao halali mtu hata mmoja ndani yake. Kisheria, Plymouth bado ndiyo makao makuu ya Montserrat, eneo la ng'ambo la Uingereza lenye ukubwa wa kilomita za mraba 102 tu. Kwa hali halisi, mji huo umefukiwa na majivu, mawe na tope la volkano tangu 1997, na ofisi za serikali ziko Brades, upande wa kaskazini wa kisiwa. Kisa chake husimuliwa mara nyingi kama kisa cha mlima uliolipuka ukauangamiza mji. Masimulizi hayo hayatoshi, kwa kuwa mji haukuangamia kwa siku moja: kati ya mlipuko wa kwanza na kuteketea kwa Plymouth ilipita miaka miwili, na kabla ya mlipuko huo kulikuwa na ripoti ya kitaalamu iliyotaja hatari yenyewe na mahali penyewe. Katika uchambuzi huu nitatetea hoja moja, kwamba kilichoufunga mji huo miguuni mwa volkano ni bandari yake, na kwamba karibu kila uamuzi mkubwa uliofanywa kuhusu Plymouth, tangu ulipoanzishwa hadi ulipohamwa, ulikuwa kwa kiasi kikubwa uamuzi kuhusu mahali pa kufunga meli.

Kwanza ieleweke bandari hiyo ilikuwa ya namna gani. Montserrat ina urefu wa kilomita 16 hivi na upana wa kilomita 11, na imeinuka kutoka baharini kwa milima ya volkano iliyopangana kutoka kaskazini hadi kusini: Silver Hills na Centre Hills, ambayo ilizimika zamani sana, kisha Soufrière Hills, ambayo ndiyo changa kuliko yote. Kisiwa hakina hori wala ghuba iliyozungukwa na nchi kavu ambamo meli ingejificha. Pwani ya mashariki inapigwa na mawimbi ya Atlantiki, kwa sababu upepo wa eneo hilo hutoka mashariki takriban mwaka mzima. Iliyobaki ni pwani ya magharibi, ule upande ambao mabaharia wa kwetu wanauita wa demani, uliokingwa na milima yenyewe. Hapo meli zilitia nanga katika bahari iliyo wazi, na kwa muda mrefu shehena ilishushwa kwa mashua hadi ufukweni. Baadaye likajengwa gati. Huo ndio uliokuwa utajiri wote wa Plymouth kama bandari: maji yaliyotulia kiasi, si kwa umbo la pwani, bali kwa sababu mlima ulisimama kati yake na upepo.

Hapo ndipo penye kiini cha kisa hiki, na sijaona kikitiliwa mkazo wa kutosha. Upepo uleule wa mashariki unaoifanya pwani ya magharibi iwe shwari ndio unaobeba majivu ya volkano kuelekea magharibi. Mahali palipokingwa na upepo na mahali yanapoangukia majivu ni pamoja. Zaidi ya hayo, makorongo yanayoteremka kutoka Soufrière Hills, ambayo wenyeji wanayaita ghaut, yalileta maji na udongo wenye rutuba hadi tambarare ya pwani, na mojawapo, Fort Ghaut, lilipita mjini Plymouth kwenyewe. Mji uliokaa pale kwa ajili ya utulivu wa bahari na maji ya mlimani ulikuwa umekaa pia kwenye njia ya chochote ambacho mlima ungekitoa.

Wakoloni waliochagua mahali hapo hawakuwa na namna ya kulijua hilo. Walifika 1632, wengi wao Wakatoliki wa Ireland waliotoka kisiwa cha jirani cha St Kitts, na hakuna aliyeandika kuhusu mlima kulipuka. Baada yao waliletwa Waafrika waliofanywa watumwa, na uzao wao ndio wananchi wengi wa Montserrat hadi leo. Miwa ililimwa, sukari ikapelekwa Plymouth. Sukari ilipodhoofika ikaja ndimu, kisha pamba, navyo vikapitia hapohapo. Mwenye ghala alijenga karibu na gati, forodha ikakaa karibu na ghala, mahakama na ofisi za serikali karibu na forodha, kanisa, soko na shule karibu na watu. Kufikia miaka ya 1990 Plymouth ilikuwa na wakazi wapatao 4,000 katika kisiwa chenye watu zaidi ya 10,000 kidogo, na hesabu hiyo haionyeshi uzito wake wote, kwa sababu hospitali, bandari ya mizigo, maduka makubwa, benki na idara zote za serikali zilikuwa humo. Hapakuwa na mji wa pili. Mkulima wa kaskazini aliyetaka dawa, hati ya kiwanja au mfuko wa saruji alikwenda Plymouth.

Mlima haukukaa kimya muda wote huo. Matetemeko madogo madogo ya mfululizo yalitokea 1897 na 1898, yakarudi kati ya 1933 na 1937, yakarudi tena 1966 na 1967. Yaani takriban kila baada ya miaka 30. Kila mara ardhi ilitikisika, chemchemi za gesi ya kiberiti zikachangamka, wataalamu wakaja na vyombo vyao, kisha hali ikatulia pasipo mlipuko. Mtu akiiangalia historia hiyo kwa jicho la mkazi wa kawaida, ni rahisi kuelewa kwa nini matetemeko yaligeuka kuwa sehemu ya maisha. Bibi aliyeyapata utotoni aliwaambia wajukuu kwamba yatapita, na alikuwa amesema kweli mara tatu.

Mwaka 1987 wataalamu wawili, Geoffrey Wadge na M.C. Isaacs, walikamilisha tathmini ya hatari za volkano ya Soufrière Hills. Walitumia ramani na hesabu za kompyuta kuonyesha maeneo ambayo yangefikiwa na maporomoko ya moto iwapo mlima ungeamka, na Plymouth ilikuwa miongoni mwa maeneo hayo. Kazi yao haikuwa ya kificho. Mwaka uliofuata matokeo yake yalichapishwa katika jarida la kisayansi. Hata hivyo haikubadili mpango wowote wa ujenzi kisiwani. Wanaosoma kisa hiki leo huwa wanaishia hapo kwa kulaumu, kwamba viongozi walionywa wakapuuza. Lawama hiyo ina msingi, lakini ni nyepesi mno kama haikuzingatia kilichotokea miaka miwili baadaye.

Tarehe 17 Septemba 1989 kimbunga Hugo kilikipiga kisiwa. Watu wapatao 10 walipoteza maisha, zaidi ya asilimia 90 ya nyumba ziliharibiwa, na gati la Plymouth likavunjwa. Kwa muda mfupi, jambo ambalo halijawahi kuwa rahisi tangu karne ya 17 lilikuwa limewezekana: sehemu kubwa ya mji mkuu ilikuwa inahitaji kujengwa upya, fedha za misaada zilikuwa njiani, na tathmini ya hatari ilikuwa imekwisha kuandikwa. Kama kulikuwa na wakati wa kupeleka hospitali kaskazini, au kujenga gati la pili nje ya eneo la hatari, ulikuwa ule. Badala yake gati likajengwa palepale, makao ya serikali yakajengwa palepale, hospitali ikakarabatiwa palepale. Kazi hizo zilikuwa zinakamilika au zimekamilika karibuni wakati mlima ulipoamka 1995.

Nimeutafakari uamuzi huo kwa muda mrefu, na siamini kwamba ulitokana na ujinga. Kila fuko la saruji, kila bati na kila nondo vilipaswa kuletwa kwa meli, kwa hiyo jambo la kwanza la ukarabati lilikuwa gati, na gati lenyewe lilipaswa kuwa mahali ambapo tayari kulikuwa na barabara, maghala, mafuta na makuli. Mara gati liliporudi Plymouth, kila kingine kilivutwa kuelekea huko. Fedha za misaada nazo hutolewa kurudisha kilichoharibika. Ni rahisi kumweleza mfadhili kwamba hospitali imebomoka na inapaswa kujengwa, kuliko kumweleza kwamba inapaswa kujengwa kilomita kadhaa mbali kwa sababu ya mlima ambao hakuna aliye hai aliyeuona ukitoa moto. Kimbunga kilikuwa kimeua watu jana. Volkano ilikuwa kwenye karatasi. Wenye nyumba walikuwa na viwanja vyao, hati zao na mikopo yao palepale. Kosa ninaloliona mimi si kwamba Plymouth ilijengwa upya, bali ni kwamba hakuna hata kitu kimoja cha lazima kilichowekwa kwingine. Hospitali ndogo ya akiba kaskazini, tangi la mafuta, gati fupi la dharura, ekari chache za ardhi ya kilimo zilizopimwa na kutengwa: mambo hayo yasingeuhamisha mji mkuu, na yangekuwa na thamani kubwa miaka sita baadaye.

Mnamo 18 Julai 1995 mvuke na majivu vilianza kutoka kileleni. Tarehe 21 Agosti wingu la majivu liliteremka juu ya Plymouth, mchana ukawa giza, na watu wakashindwa kuona mkono uliokuwa mbele ya macho yao. Maelfu waliondolewa kusini na kupelekwa kaskazini, ambako walilala makanisani, mashuleni na kwenye mahema. Baada ya wiki mbili hivi wakaruhusiwa kurudi. Mapema Desemba wakaondolewa tena, na mwaka mpya ulipoingia wakarudi tena. Tarehe 3 Aprili 1996 wakaondolewa mara ya tatu. Wengi waliacha vyombo jikoni na nguo kabatini, kwa kuwa safari mbili zilizotangulia ziliwafundisha kwamba wangerudi baada ya wiki chache.

Ni muhimu kueleza kwa nini wanasayansi walikuwa na wasiwasi ambao macho ya kawaida hayakuweza kuuona. Msomaji wa Goma, aliyeshuhudia au kusimuliwa jinsi lava ya Nyiragongo ilivyoingia mjini Januari 2002, anaijua volkano kwa sura ya mto wa moto unaotiririka, unaochoma nyumba lakini mara nyingi humwachia mtu nafasi ya kuukimbia. Lava ya Soufrière Hills si ya namna hiyo. Ni nzito mno kutiririka, kwa hiyo hujilimbikiza ndani ya kreta, yaani shimo la kileleni, ikawa kama kuba, inakua siku hadi siku, na inapozidi kuwa ndefu au mwinuko wake unapozidi ukali, upande mmoja huporomoka. Kinachoshuka ni mchanganyiko wa gesi, majivu na mawe wenye joto la mamia ya digrii, unaokwenda kasi kuliko gari kwenye barabara kuu, na unaofuata makorongo hadi baharini. Hakuna anayeukimbia. Kuba hilo lilianza kuota Novemba 1995, na Mei 1996 poromoko la kwanza lilifika baharini upande wa mashariki, kwenye bonde la Tar River.

Kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi Plymouth ilisalimika kwa sababu ya umbo la kreta. Upande wa magharibi, juu ya mji, ulisimama ukuta wa mwamba unaoitwa Gages Wall, na kuba lilipokuwa chini ya ukuta huo maporomoko yalielekea mashariki, mbali na mji. Watu waliotazama kutoka mbali waliona majengo yamesimama, mitaa imefunikwa na majivu mepesi, gati liko mahali pake. Mji ulionekana kama uliofungwa kwa likizo. Hali hiyo, kwa maoni yangu, iliwadanganya wengi kuliko tetemeko lolote, kwani kila wiki iliyopita bila mji kuguswa ilifanya kuhamwa kwake kuonekane kuwa tahadhari iliyozidi kiasi. Wakati huohuo kuba lilikuwa linapanda ndani ya kreta kuelekea ukingo wa ukuta.

Hapa ndipo upungufu wa 1989 ulipodai gharama yake. Kaskazini hakukuwa na mji wa kuwapokea wahamishwa. Shule iligeuzwa hospitali. Familia zilikaa miezi, kisha miaka, katika majengo ya umma na mabanda ya dharura, watu wengi kwa choo kimoja. Ardhi ya kaskazini ni ya vilima na kavu zaidi, nayo sehemu kubwa ilikuwa mikononi mwa watu binafsi, na wakulima wa kusini hawakupewa mashamba mbadala ya kutosha. Uwanja wa ndege wa W.H. Bramble, uliokuwa pwani ya mashariki na ndani ya ukanda wa hatari, uliendelea kutumika kwa sababu hapakuwa na mwingine. Kwa hiyo watu waliendelea kuingia katika eneo lililofungwa: mwingine kulisha ng'ombe, mwingine kuvuna karoti na viazi ambavyo vililiwa na wahamishwa walewale, mwingine kwa kuchoshwa na maisha ya kambini akitamani kulala kwenye kitanda chake.

Tarehe 25 Juni 1997, saa saba kasoro za mchana, upande wa kaskazini wa kuba uliporomoka. Maporomoko yalishuka kupitia Mosquito Ghaut, yakafunika vijiji na mashamba, na yakasimama karibu kabisa na uwanja wa ndege. Watu 19 walikufa. Katika uchunguzi wa kimahakama uliofuata, jopo la wananchi lilitamka kwamba kutotolewa kwa ardhi ya kilimo kaskazini kulichangia baadhi ya vifo hivyo. Kauli hiyo inastahili kusomwa polepole na kila anayepanga mipango ya maafa. Watu wale hawakukosa taarifa. Walijua mlima uko wapi na eneo limefungwa kwa nini. Walichokosa ni mahali pengine pa kupatia riziki, na amri ya kuhama isiyo na shamba, kitanda na kazi upande wa pili ni amri ambayo baadhi ya watu hawataweza kuitii hata wakiiamini.

Plymouth yenyewe ilifikiwa wiki chache baadaye. Kuba lilikuwa limevuka ukingo wa Gages Wall, na katika siku za mwanzo za Agosti 1997 maporomoko yaliteremka kwa njia ya Fort Ghaut hadi katikati ya mji na baharini. Majengo yaliwaka. Mvua zilizofuata zilileta tope la volkano, na tope hilo likaganda kama zege, tabaka juu ya tabaka, hata baadhi ya nyumba zikabaki zinaonekana paa na ghorofa ya juu tu. Hakuna aliyekufa mjini siku hizo, kwa sababu mji ulikuwa umeshahamwa miezi 16 kabla. Ni haki kulisema hilo wazi: uamuzi wa Aprili 1996, ambao ulilaumiwa sana na wafanyabiashara na wenye nyumba, na ambao kwa zaidi ya mwaka mzima ulionekana kukosa uthibitisho, uliokoa maisha ya maelfu ya watu. Septemba 1997 jengo la uwanja wa ndege nalo likaangamizwa, na kisiwa kikabaki bila bandari yake ya zamani na bila uwanja wa ndege.

Mgogoro wa kisiasa uliofuata ulikuwa mkali kuliko ukubwa wa kisiwa. Madaraka yalikuwa yamegawanyika: usalama ulikuwa chini ya gavana aliyeteuliwa na Uingereza, mambo ya kila siku chini ya waziri kiongozi aliyechaguliwa, na huko London kwenyewe wizara mbili, ya mambo ya nje na ya maendeleo ya kimataifa, zilishika kila moja upande wake wa mkoba. Agosti 1997 wananchi waliandamana, waziri kiongozi Bertrand Osborne akajiuzulu na David Brandt akachukua nafasi yake. Waziri wa maendeleo wa Uingereza, Clare Short, alisema maneno yaliyoumiza hadi leo, kwamba kesho watu wa Montserrat watadai tembo wa dhahabu. Waliokuwa wakidai walikuwa watu waliolala makanisani kwa miaka miwili, na wengi wao walikuwa wanaendelea kulipa mikopo ya nyumba zilizokuwa chini ya majivu. Wengi wakaondoka kwenda Antigua na Uingereza, na idadi ya waliobaki ikashuka chini ya 4,000. Sensa ya 2011 ilihesabu watu 4,922, takriban nusu ya waliokuwapo kabla, nao si wote waliozaliwa kisiwani.

Kuhusu makosa ya London na ya kisiwani mengi yameandikwa. Mimi narudi kwenye gati. Serikali ilipolazimika kuanza upya kaskazini, ilichagua Little Bay kuwa mahali pa bandari, na likajengwa gati la dharura. Mara moja ikaonekana kwa nini watu wa karne ya 17 hawakukaa pale. Little Bay iko wazi kwa mawimbi makubwa yanayotoka kaskazini, hasa miezi ya baridi ya Atlantiki, na bahari inapochafuka meli haiwezi kufunga. Kwa kisiwa kinacholeta karibu kila kitu kwa njia ya bahari, siku chache za mawimbi zina maana ya rafu tupu madukani. Kwa miaka mingi abiria walitegemea kivuko na helikopta kwenda Antigua, hadi uwanja mdogo wa ndege ulipofunguliwa Gerald's mwaka 2005, nao una njia fupi inayofaa ndege ndogo tu. Mpango wa kujenga bandari yenye ukuta wa kuzuia mawimbi Little Bay umekuwa ukizungumzwa, ukichorwa na kuchorwa upya kwa miongo, na hatimaye ukapata fedha za Uingereza kupitia Benki ya Maendeleo ya Karibi.

Ugumu huo unaifanya hukumu juu ya 1989 iwe ya uangalifu zaidi. Anayesema kwamba mji mkuu ungehamishiwa kaskazini baada ya Hugo hana budi kueleza pia nani angelipia ukuta wa bahari wa Little Bay wakati ambapo gati la Plymouth lingeweza kutengenezwa kwa gharama ndogo mno. Hapa mlima ulikuwa unauma na kupuliza: uliwapa watu bahari shwari, na kwa hiyo ukawafanya wakatae mahali pengine popote. Ndiyo maana naona swali la kuhamisha au kutohamisha mji lilikuwa swali kubwa mno kwa serikali ndogo iliyotoka kupigwa na kimbunga, na kwamba swali ambalo lingejibika ni dogo zaidi: kama Plymouth ikifungwa kesho asubuhi, mgonjwa atalazwa wapi, mchele utashushwa wapi, na mkulima atalima wapi? Majibu ya maswali hayo matatu yangepatikana kwa sehemu ndogo ya fedha zilizomwagwa katika majengo ambayo leo yako chini ya tope. Hayakutafutwa kwa sababu bandari moja ilikuwa inatosha, na kitu kikitosha hakuna anayeuliza cha pili.

Poromoko kubwa la mwisho la kuba lilitokea 11 Februari 2010. Tangu hapo lava mpya haijaota, lakini gesi inaendelea kutoka, na Kituo cha Uangalizi wa Volkano cha Montserrat kinaupima mlima mchana na usiku. Sehemu kubwa ya kusini bado imefungwa. Wageni huingia Plymouth kwa kibali na kwa muda maalumu, wakiwa na mwongozaji, gari likiwa limeelekezwa njia ya kutokea.

Kitu kimoja tu kinachofanya kazi katika mji huo, nacho ni gati. Mchanga na kokoto za volkano zilizojaa mabondeni zimekuwa bidhaa ya Montserrat ya kuuza nje, zikihitajika kwa ujenzi katika visiwa vya jirani, na Little Bay haina utulivu wa kutosha wala nafasi ya kupakia tishari kubwa kwa urahisi. Kwa hiyo malori hushuka hadi Plymouth yakiwa na mzigo, hupita kando ya mapaa na kuta zilizobaki, humwaga mchanga gatini, na tishari hufunga pale palipokingwa na upepo kama meli za sukari zilivyofunga. Kazi ikiisha, madereva na wapakiaji wote hutoka kabla ya giza.